Kabla hujaikata fulana nyeusi ya mtumba kuwa tambara, isome kwanza (uzi wa fulana za bendi za panki)

Mchagua Belo

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka mingi, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Utakuwa mrefu, vuteni viti.

Nauza mitumba Karume, Ilala, huu mwaka wa kumi na moja. Mzigo wangu ni fulana za kiume, belo la kilo 45. Wenzangu wa kazi mnaijua saa ile: unakata mikanda, mzigo unafutuka, harufu ya dawa inakupanda puani, na ndani ya robo saa wale wa kuchagua mapema wameshaondoka na kila kinachong'aa. Chini zinabaki nyeusi zilizopauka, zenye mafuvu na maandishi ambayo hakuna mteja anayeuliza yanasema nini. Hizo tunawauzia mafundi gereji kwa kilo, zikatwe matambara. Nimefanya hivyo miaka yote na sikuwahi kujiuliza.

Mwaka jana nikapeleka pikipiki kwa fundi mmoja anayechukua matambara kwangu. Akafungua kifuniko cha oili, akakifuta kijiti kwa kitambaa alichokuwa amekichomeka mfuko wa nyuma. Kitambaa kilipogeuka nikaona mistari minne myeupe imesimama, minene, haiko usawa mmoja: huu juu, ule chini, kama kitu kinachopepea. Nikaijua. Wiki chache kabla nilikuwa nimesoma habari za alama ile kwenye simu hadi usiku wa manane. Nikamwambia, "Fundi, hilo nipe, nakuletea jingine safi." Akanipa. Ilikuwa nusu fulana, mkono mmoja umebaki, shingo imekatwa na lebo yake. Imelowa oili mpaka ndani ya uzi.

Ile mistari minne ni ya Black Flag, bendi ya panki (punk, muziki wa roki wa kasi na kelele) ya Hermosa Beach, California, iliyoanza 1976 kwa jina la Panic. Mpiga gitaa wao Greg Ginn alikuwa na mdogo wake anayechora, anayejulikana kwa jina la Raymond Pettibon. Huyo mdogo ndiye aliyewapa jina jipya na ndiye aliyechora alama: bendera nyeusi inayopepea, ikakatwa vipande vinne. Bendera nyeupe ni ya kusalimu amri, nyeusi ni kinyume chake. Alama yenyewe mtoto wa darasa la pili anaweza kuichora ukutani kwa mkaa, na ndivyo ilivyosambaa. Leo kazi za Pettibon ziko kwenye makumbusho makubwa ya Marekani. Wakati ule alikuwa anachora vipeperushi vya maonyesho ya bendi ya kaka yake.

Nami nimeiuza kwa kilo.

Nimeandika haya kwa sababu fulana hizi zinapita mikononi mwetu kila wiki, hapa Karume, Tandika, Memorial kule Moshi, na kwa wenzetu Gikomba na Kongowea. Nataka tujifunze kuzisoma. Kitambaa kinaongea ukikipa nafasi. Nikirudi nitaweka jinsi ninavyozikagua.

Msela wa Toi

Mkuu, umenigusa mahali pabaya. Mimi niko soko la Toi, Nairobi. Huku zile za kwanza kutoka kwa bale tunaziita kamera, na za mwisho ni fagia. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na fulana ya lile fuvu jeupe la Misfits, ilikuwa kwa fagia kabisa. Kijana mmoja akaja akainunua kwa shilingi mia moja, hakubishana bei hata kidogo. Hapo ndipo ningejua. Mnunuzi wa Toi asiyebishana bei anajua kitu wewe hujui.

Baadaye nikaisoma hiyo fuvu ni ya nani. Misfits walitoka Lodi, New Jersey, walianza 1977. Sura wameitoa kwa filamu ya mfululizo ya mwaka wa 1946 iitwayo The Crimson Ghost, adui aliyevaa barakoa ya mifupa. Bendi yenyewe iliuza santuri chache sana enzi zake, lakini hiyo sura iko mpaka kwa matatu leo.

Swali langu: nitajuaje ya zamani na ile imechapishwa juzi? Maana hiyo fuvu inauzwa mpya kila mahali.

Mchagua Belo

Kaka wa Toi, pole. Swali lako ndilo kiini chenyewe.

Usianze na mchoro. Mchoro ndio kitu rahisi kuiga kuliko vyote. Anza na pindo. Shika ukingo wa mkono, ugeuze, utazame mshono. Fulana nyingi za Marekani mpaka katikati ya miaka ya 1990 zilishonwa pindo la mkono na la chini kwa mstari mmoja wa uzi. Kuanzia hapo viwanda vikahamia mistari miwili inayokwenda sambamba, hiyo unayoiona kwenye kila fulana mpya. Ukikuta mmoja, simama. Usishangilie bado, simama tu, kwa sababu siku hizi waigaji wanashona mstari mmoja makusudi.

Kisha ubavuni. Fulana nyingi za zamani hazina mshono wa ubavu. Kiwiliwili kilifumwa kama bomba, kikakatwa, kikashonewa mikono. Hili peke yake halithibitishi kitu, ila linaongeza neno.

Halafu lebo ya shingo. Screen Stars yenye maandishi ya buluu, Hanes Fifty-Fifty, hizo ni lebo za miaka ya 1980 ninazokutana nazo zaidi, na kitambaa chake ni nusu pamba nusu polista. Ukiivaa ni nyepesi kama leso, ukiinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Maneno ya nchi ilikotengenezwa nayo yanasaidia: zamani nyingi zilishonwa Marekani kwenyewe, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 unaanza kuona Meksiko, Honduras, El Salvador. Maelekezo ya kufua yakiwa kwa alama tupu, zile za beseni na pasi bila maneno, hiyo ni ya 1997 kuja huku, maana kabla ya hapo sheria ya Marekani ilitaka maneno. Na lebo ikiwa imechapwa moja kwa moja kwenye kitambaa, haina kipande kilichoshonwa, hiyo ni ya karne hii. Hanes walianza hivyo 2002.

Mwaka ulioandikwa chini ya mchoro usikudanganye. Ule ni mwaka wa hakimiliki ya mchoro. Fulana inaweza kuandikwa 1982 ikachapwa 2015, na wala hakuna aliyesema uongo.

Fundi Skrini

Wakuu, naongezea upande wangu. Mimi nachapa fulana Mwanza, za harusi, za kampeni, za shule. Nilipoanza kuona picha za hizi fulana za panki nilizipenda kwa jicho la fundi, kwa sababu makosa yake nayajua kwa majina.

Wengi wa hawa vijana hawakuwa na kiwanda. Walinunua fulana tupu dukani, wakatengeneza fremu ya mbao, wakavuta kitambaa cha skrini (chenye matundu madogo ya kupenyeza wino), wakachapa jikoni au gereji nyumbani kwao. Sasa tazama mchapo wenyewe. Aliyevuta mpira wa kusukumia wino kwa mkono anaanza na nguvu na kumaliza amechoka: upande mmoja wino ni mzito, upande wa pili umekonda. Fremu ikiteleza kidogo, ukingo unakuwa na kivuli. Mchoro unakaa juu sana kifuani au umeinama. Fulana mbili za siku moja hazifanani.

Wino wa plastiki, huu tunaotumia wengi mpaka leo, ukizeeka unapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nyufa za kweli hazina mpangilio: zinakuwa nyingi pale fulana ilipokunjwa na pale tumbo linapojikunja mtu akikaa, zinapungua pembeni. Nyufa za kuigiza zimesambaa sawasawa kila mahali, maana zimechorwa kwenye skrini yenyewe. Ukipapasa kwa kidole utasikia: za kuigiza ni laini, hakuna ukingo. Wino wa maji nao haupasuki, unafifia na kuingia ndani ya uzi, unapapasa huoni tofauti na kitambaa. Kwa hiyo ukikuta wino wa maji wenye "nyufa," uliza maswali.

Kitu kimoja zaidi. Geuza fulana ndani nje. Nyeusi iliyopaukia juani na kwenye kufuliwa huwa imepauka nje zaidi kuliko ndani. Ikiwa imepauka sawa pande zote mbili, ilichemshwa kiwandani ionekane mzee.

Binti wa Kongowea

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mie nauliza na msinichukie. Nauza Kongowea, Mombasa, nguo za watoto na fulana. Hizi nyeusi za mafuvu nimeziona tangu nikiwa mdogo dukani kwa mamangu. Nazifahamu kuwa ni za wale vijana wa viduku na pini masikioni. Nyingine zina matusi, nyingine zina misalaba iliyopinduliwa. Kwani kuna heshima gani humo hata tuzihifadhi? Sisemi kwa ubaya, nataka kuelewa.

Mchagua Belo

Waaleikum salaam dada yangu. Wala hakuna wa kukuchukia, hilo ni swali ambalo mama yangu ameniuliza pia, na nitakujibu kama nilivyomjibu yeye.

Kweli zipo ambazo hata mimi sizitundiki. Duka la Malcolm McLaren na Vivienne Westwood pale 430 King's Road, London, lilitoa fulana ya kitambaa cha shashi iliyoandikwa Destroy, ndani yake kuna msalaba uliopinduliwa na alama ya Wanazi. Walisema ni kuwachokoza wazee wao waliopigana vita. Alama ile imebeba vifo vya mamilioni, na kwangu uchokozi hautoshi kuwa sababu. Wakusanyaji huitafuta mno hiyo, nami nawaachia.

Lakini sikiliza habari ya msichana mmoja. Pale pale King's Road palikuwa na soko la vibanda, Beaufort Market. Mmoja wa wenye vibanda alikuwa binti aliyezaliwa Uingereza na mama Mzungu na baba Msomali, jina lake Marianne Joan Elliott-Said. Alijiita Poly Styrene. Mwaka 1976 aliunda bendi ya X-Ray Spex, akasimama jukwaani na vyuma vya meno, akapiga kelele juu ya plastiki, matangazo na watu kununuliwa akili zao. Mwenye kibanda, dada, kama wewe na mimi. Amefariki 2011.

Ukivuka bahari kwenda Washington, kuna Bad Brains, vijana wanne weusi, Marasta, waliotoka kwenye muziki wa jazi wakaanza kupiga panki kwa kasi ambayo wazungu walishindwa kuifuata, kisha katikati ya onyesho wanashusha rege. Jalada la kaseti yao ya 1982 lina radi inayopiga kuba la bunge la Marekani, kwa manjano, kijani na nyekundu. Hiyo picha iko kwenye fulana, na ikinikuta kwenye belo siiuzi.

Na Afrika Kusini, Johannesburg, mwaka 1979, wakati sheria ikimkataza mweusi kuishi mtaa mmoja na mweupe, bendi ya National Wake iliwachanganya jukwaa moja na nyumba moja. Walitoa albamu 1981, polisi wakawaandama, mwaka uliofuata hawapo tena kama bendi.

Ndiyo heshima ninayoiona. Wengi wa watu hawa hawakupewa nafasi redioni wala kwenye televisheni. Fulana ndiyo iliyokuwa gazeti lao. Aliyeivaa alikuwa amefika mahali, ukumbi wa watu themanini, akampa mpiga ngoma pesa mkononi. Kisha miaka arobaini baadaye kipande kile kinafika kwako Kongowea kwenye kontena.

Binti wa Kongowea

Nimekufahamu. Hiyo ya mwenye kibanda imenikaa. Ahsante.

Msela wa Toi

Na hapa Nairobi tuko na Crystal Axis, wanapiga panki yao wenyewe, wana wimbo juu ya Leopold, yule mfalme wa Ubelgiji, na yale alifanya Kongo. Kwa hiyo hii si hadithi ya wazungu wa zamani peke yao.

Mgeni Jukwaani

Samahanini wakuu, mimi najua moja tu, ile ya Ramones ya duara na ndege tai. Naiona hadi kwa watoto wa shule. Hiyo nayo ina thamani?

Mchagua Belo

Karibu mkuu. Hiyo ndiyo fulana maarufu kuliko zote, na nyingi unazoziona ni mpya kabisa. Ila ina siri nzuri.

Aliyeichora ni Arturo Vega, rafiki wa bendi. Alichukua nembo ya rais wa Marekani akabadilisha vitu: tai badala ya kushika mishale ameshika gongo la besiboli, na badala ya tawi la mzeituni ameshika tawi la mtufaha. Vega alisafiri nao, akiuza fulana mwenyewe ukumbini, na mara nyingi fulana ndizo zilizowalisha kuliko santuri. Bendi ilianza 1974 Queens, New York, ikaacha 1996. Wale wanne wa mwanzo wote wametangulia, Tommy wa mwisho akiwa 2014.

Siri iko kwenye majina ya wanabendi yanayozunguka duara. Kwa kawaida ni Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Tommy aliacha kupiga ngoma 1978, akaja Marky. Richie alikaa kuanzia 1983 hadi 1987, kisha Marky akarudi. Dee Dee akaondoka 1989, akaingia C.J. Kwa hiyo majina ni kalenda. Zinazochapwa leo karibu zote zina wale wanne wa mwanzo, kwa sababu hao ndio wanaouzika. Ukikuta Richie au C.J., itoe pembeni uikague vizuri.

Naongeza moja kwa ajili ya wauzaji. Fugazi wa Washington walikataa kabisa kuuza fulana zao, tiketi zao zilikuwa dola tano, na walitaka watu waje kwa muziki. Watu wengine wakachapa fulana iliyoandikwa This Is Not a Fugazi T-shirt. Mtu akikuuzia "fulana rasmi ya Fugazi ya mwaka 1990," unajua la kufanya.

Msela wa Toi

Mkuu, moja la mwisho. Nimepata nyeusi moja safi, haijavaliwa inaonekana, lakini nilipoivuta kidogo kwa bega ikachanika kama karatasi. Sikutumia nguvu hata. Ni nini hiyo?

Fundi Skrini

Hiyo imeoza kwa ndani, kaka, na ni ugonjwa wa nyeusi hasa. Rangi nyeusi ya pamba mara nyingi hutiwa kwa dawa ya salfa. Miaka ikipita, joto na unyevu vikiingia, salfa iliyobaki hugeuka asidi na kula nyuzi za pamba polepole. Kwa macho huoni kitu. Inaweza kuwa haijavaliwa hata siku moja, imekaa ghalani miaka thelathini, na ikawa imekwisha.

Kabla ya kununua, shika pindo la chini kwa vidole vya mikono miwili, vuta taratibu, tega sikio. Pamba nzima inavutika kimya. Iliyooza inatoa sauti ndogo, kama unapasua jani kavu la mgomba. Ukiisikia hiyo sauti acha hapo hapo, usiendelee kujaribu. Zile za nusu polista huvumilia zaidi.

Haiponi tena. Wengine huishonea kitambaa kwa nyuma, wakaiweka kwenye fremu ya kioo ukutani.

Mchagua Belo

Na sisi wa pwani tujihadhari zaidi, hewa yetu ina maji na chumvi. Mimi nafua kwa maji baridi na sabuni ya kipande kidogo, kwa mkono, fulana ikiwa imegeuzwa ndani nje. Hakuna jiki. Hakuna pasi juu ya mchoro, wino wa plastiki utaganda kwenye pasi na umeshaiua. Naanika kivulini. Situndiki kwenye henga kwa muda mrefu, mabega yanavutika. Nakunja na karatasi nyeupe katikati ili mchoro usigusane na mchoro. Mfuko wa nailoni usiuweke kabisa, unafungia unyevu. Foronya ya pamba inatosha.

Lile tambara langu la Black Flag nimelifua mara tisa. Oili imetoka sehemu, nyingine imebaki, kando ya mstari wa tatu kuna doa la kahawia ambalo halitoki. Nimeacha kulisugua.

Binti wa Kongowea

Ndugu Mchagua Belo, nimerudi. Tangu juzi nazigeuza zote kabla ya kuzitoa. Leo nimepata moja nataka munisomee. Ni nyeusi imekuwa kama kijivu cha mkaa. Duara, tai, gongo. Pindo la mkono mstari mmoja, la chini mstari mmoja. Ubavuni hamna mshono. Lebo imefifia lakini naona herufi za mwisho na maneno kuwa imetengenezwa Marekani. Nyufa ziko nyingi tumboni, juu karibu na shingo hamna. Nimeigeuza, ndani ni nyeusi kuliko nje. Majina ni Johnny, Joey, Marky na C.J.

Fundi Skrini

Dada, ukipapasa wino una ukingo?

Binti wa Kongowea

Unao. Kama kovu dogo.

Mchagua Belo

Dada yangu, C.J. na Marky pamoja ni kati ya 1989 na 1996. Mshono unakubali, lebo inakubali, nyufa zinakubali, rangi inakubali. Mimi niko mbali sijaishika, lakini kwa maelezo hayo sioni inapopinga. Vuta pindo taratibu utege sikio, kisha utuambie.

Binti wa Kongowea

Nimevuta. Kimya. Haina sauti.

Kuna kijana hapa kashanipa elfu mbili, habishani. Nimemwambia haiuzwi. Nimeifua kama ulivyosema, nimeianika barazani nyuma, kivulini, ndani nje.

Msela wa Toi

Elfu mbili na habishani! Dada, umefanya vizuri. Kaa nayo.